Kibao cha Namba Saba

Mwanamke aliyekuwa amezika watoto wawili kabla hawajalia hata mara moja alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa majibu ya damu ambayo hayakuwa yake.

"Basi huyu atakaa, daktari," alisema.

Nilimwambia mimi si daktari, nikatabasamu, nikampa kadi yake ya kliniki. Kwenye kadi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba damu yake haina kaswende. Mimba yake ilikuwa imepita miezi saba. Aliifunga kadi ndani ya leso, akafunga fundo mara mbili, akatoka. Kaswende ilikuwa ndani ya damu yake wakati huo, na dawa ya kuiondoa ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka mahali alipokuwa amesimama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kliniki ndogo ya wajawazito huku Eastlands, Nairobi. Sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kutoa damu. Kila Jumanne wanawake waliokuja kwa mara ya kwanza na mimba waliketi kwenye benchi la ukumbini, wakaingia kwangu mmoja mmoja, nikawatoa damu kidogo na kuitia katika chupa ndogo za kioo. Saa nane mchana gari lilikuja kuzibeba hadi maabara kubwa mjini, na majibu yakarudi baada ya wiki. Huko walipima wingi wa damu, kundi la damu, na kaswende. Hii ya mwisho ndiyo tuliyoiogopa zaidi. Mama anaweza kuwa nayo miaka asiumwe popote, huku inamwua mtoto tumboni au inamtoa duniani akiwa mgonjwa. Ikijulikana mapema, sindano inatosha. Kwa hiyo shida yetu haikuwa dawa. Shida ilikuwa kujua nani wa kudungwa.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa muuguzi mzee, mkali, aliyekuwa karibu kustaafu. Alinifundisha kufunga mpira juu ya kiwiko na kuutafuta mshipa kwa kidole, kwa sababu macho hudanganya. Alinifundisha kupaka spiriti na kungoja ikauke, kuingiza sindano imelala, mdomo wake ukitazama juu, na kuulegeza mpira kabla ya kuichomoa sindano, la sivyo damu itamwagika chini ya ngozi. Mgonjwa abonyeze pamba mkono ukiwa umenyooka. Sindano iliyotumika isirudishwe kifuniko; iende moja kwa moja kwenye debe lenye tundu juu, kwa maana wengi hujidunga wakati wa kufunika. Na alinifundisha mambo mawili aliyoyarudia mpaka nikachoka.

"Mwulize jina lake, usimtajie wewe. Ukimtajia atakubali. Mtu wetu akiulizwa na mwenye koti jeupe, hujibu ndiyo." Na la pili: "Chupa tupu haina mwenyewe. Iandike damu ikiwa imo, na mwenyewe akiwa bado amekaa mbele yako."

Ya sindano niliyashika yote. Sikuwahi kujidunga, na wanawake walisifu mkono wangu kwamba ni mwepesi. Haya mawili ya mwisho niliyaacha baada ya muda, na niliyaacha kwa kupenda utaratibu.

Majina yalikuwa yakinisumbua. Mwanamke aliyeolewa alikuwa na jina la kitambulisho, ambalo lilikuwa la baba yake. Jina la kadi, ambalo mara nyingi lilikuwa la mume. Jina la kanisani. Na jina ambalo mtaa wote ulimjua nalo, mama wa mtoto wake wa kwanza. Nikiita jina moja walisimama wawili. Nikiita jingine hakusimama mtu. Siku moja niliita mara tatu, na mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu akitafuna karanga.

"Ni wewe?"

"Hilo ni la kitambulisho, daktari. Hilo hata mimi hulisahau."

Benchi zima lilicheka, nami nilicheka, lakini saa ilikuwa inakwenda na gari halikungoja mtu. Jumapili hiyo nilikata vibao vya plaiwudi ukubwa wa kiganja, nikavipiga msasa, nikavipaka rangi nyeupe na kuandika namba kuanzia moja hadi ishirini na nne. Jumanne asubuhi nilikusanya kadi, nikazipanga, nikampa kila mwenye kadi kibao chake. Kadi zilibaki mezani kwangu kwa mpangilio huo huo. Kabla hajaingia mtu wa kwanza nilikuwa nimekwisha kubandika plasta kwenye chupa zote na kuandika juu yake jina na namba, nikazipanga chupa kwenye kichanja chake cha mbao kama askari. Mwenye namba moja akiingia, nilichukua chupa namba moja. Hapakuwa na kuita wala kuitikia. Tulimaliza saa tano badala ya saa saba. Sista mkuu wa kliniki alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Hii ni akili." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Nilichosahau ni kwamba benchi lilikuwa na sheria zake kabla sijaleta zangu. Aliyelemewa na tumbo alipishwa. Aliyeacha mtoto kwa jirani alipishwa. Aliyekuja kwa miguu kutoka mbali alipishwa, na hakuomba. Mwenzake alimtazama viatu tu. Zamani aliyepishwa aliingia akasema, "Niko nyuma, lakini wamenipa nafasi." Baada ya vibao kuja, hakukuwa na haja ya kusema. Walibadilishana vibao. Kwao kibao kilikuwa nafasi kwenye benchi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kwangu kibao kilikuwa jina.

Niliwahi kuwaona wakibadilishana. Lazima niliseme hili, kwa sababu ningeweza kuliacha na asingejua mtu. Nilipita ukumbini kwenda kuchota maji nikaona mkono ukitoa kibao na mkono mwingine ukikipokea. Nikafikiri ni adabu nzuri. Nikaenda zangu kwenye mfereji.

Jumanne ninayoieleza, aliyeingia na kibao namba saba alikuwa mama wa umri wa kati, tumbo limeshuka, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi. Sikumtazama usoni sana. Nilitazama mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kuanzia kiwikoni kwenda chini, na mshipa ulikuwa umejificha nyuma ya kovu hilo. Nilijaribu, nikakosa. Nikaomba radhi.

"Tafuta tu," alisema. "Mkono wangu ni kama mlango wa landilodi, haufunguki ukibisha mara ya kwanza."

Mara ya pili nilipata. Katika daftari, mbele ya namba saba, niliandika kama ilivyokuwa desturi yangu: kushoto, mshipa mgumu, kovu la moto. Sikulitazama jina lililokuwa kwenye mstari huo. Laiti ningeitazama kadi, ningesoma kwamba namba saba ni msichana wa miaka ishirini, mimba ya kwanza, miezi mitano.

Majibu yalirudi Jumanne iliyofuata. Kwenye siku ya majibu tuliita kwa majina, kwa kuwa hapo haraka haikuwapo. Namba saba alikuwa na kaswende. Sista alimwita msichana mwenye kadi hiyo, akafunga mlango, akamweleza kwa sauti ya chini, akamdunga sindano ya dawa, akamwambia amlete mumewe. Msichana alitoka akitazama sakafu. Mwenye namba kumi na tano alikuwa safi. Huyo ndiye aliyenishika mikono.

Baada ya wiki nyingine, mume wa msichana alikuja. Alikuwa fundi seremala wa mtaa wa Jericho, kijana mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkewe alimfuata nyuma hatua tatu, na kutokana na hizo hatua tatu nilijua jinsi wiki yao ilivyokuwa. Hakuketi.

"Daktari, mimi nimepimwa kwa kampuni mwezi jana, niko sawa. Huyu nilimtoa kwao mwenyewe, kwa mama yake, kanisani. Sasa mnaniambia nini?"

"Huwa inatokea—" nilianza kusema.

"Haitokei. Toa tena. Toa nikiona."

Sista alinipa ishara nitoe. Msichana aliketi, akapandisha mkono wa gauni. Nilifunga mpira. Mshipa ulisimama mara moja, umenyooka, mnene kama kamba ya viatu. Nilikuwa nimekwisha kupaka spiriti nilipokumbuka kwamba namba saba alinitoa jasho. Nililivuta daftari kwa mkono wa kushoto, nikafungua nyuma wiki mbili. Kushoto, mshipa mgumu, kovu la moto. Nikautazama ule mkono. Haukuwa na hata alama ya mbu.

"Siku ile ulikuwa na kibao gani?" nilimwuliza.

"Saba."

"Uliingia nacho?"

Alimtazama mumewe, kisha sista, kama mtu anayetafuta kosa lake liko wapi. "Hapana. Nilimpa yule mama wa Dandora. Alikuwa ametembea kwa miguu na tumbo lile. Nikamwambia, shika yangu mamangu, mimi bado niko fiti. Akanipa yake, kumi na tano. Nilikosea?"

Mpira ulikuwa bado umemkaza mkono, na sista ndiye aliyeufungua.

Seremala ndiye aliyeelewa kwanza, au ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo bibi yangu amedungwa sindano ya mtu mwingine." Alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akamshika mkewe bega. Kisha kicheko kikamwishia. "Na huyo mwenyewe?"

Nilifungua kadi ya kumi na tano. Mimba ya tatu. Walio hai: hakuna. Nyumba: Dandora, Fezi Tatu, ploti iliyo nyuma ya kanisa. Biashara: mboga, soko la Jericho. Kwa hesabu ya kadi, sasa alikuwa amebakiwa na wiki tano.

Sista alisema maneno machache. Kwanza, vibao vyote vichomwe. Pili, majibu ya wiki zote tangu vibao vianze hayaaminiki tena, kila mama aliyetolewa damu katika muda huo atafutwe atolewe upya. Tatu, mimi niende nikamtafute huyu, leo, na nisirudi bila yeye. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Soko la Jericho lilikuwa karibu, nikaanzia huko. Mahali pake palikuwa pamefunikwa gunia, na juu ya gunia mwenzake alikuwa amepanga nyanya zake. Aliniambia hajamwona tangu Ijumaa. Nikachukua gari hadi Dandora. Moshi wa jaa la takataka ulikuwa umelala chini siku hiyo, na nyuma ya kanisa kulikuwa na ploti tatu, si moja. Kwenye ya tatu nilimpata jirani yake, mama mwenye sauti kubwa aliyekuwa akichagua mboga za saga mlangoni, mtu wa magharibi ya nchi kama huyo niliyekuwa nikimtafuta. Chumba cha kando yake kilikuwa na kufuli.

"Unamtakia nini?"

"Natoka kliniki."

Alinitazama kutoka viatu hadi kola. "Wanaume wa kliniki huwa hawafuati watu nyumbani. Ama wewe ndiye baba ya mtoto?" Wanawake wawili waliokuwa wakifua uani waliangua kicheko. "Semeni ukweli, anafanana na nani huyu?"

Nilingoja wamalize. Nikasema kuna dawa alistahili kupewa, ikasahaulika. Hapo aliacha kuchagua mboga.

"Ameenda nyumbani kuzaa. Alipanda basi Jumamosi."

"Alituambia atazalia hapa, hospitali."

"Alikuwa amesema hivyo. Alisema wale watoto wake wawili walikufa kwa sababu ya damu, aliambiwa na watu, kwa hivyo damu ikionekana mbaya atakaa karibu na hospitali ya mjini. Mkampa kadi ikasema iko sawa. Akatuonyesha hapa wote, hata wale hawajui kusoma. Akasema, sasa naweza kuenda kwetu."

Mlango wenye kufuli ulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita imebandikwa kwa nje. Nilisoma miezi yote kumi na miwili. Mumewe, jirani alisema, alikuwa kibarua wa ujenzi nje ya mji, hurudi mwisho wa mwezi. Kule kwao hakukuwa na simu. Kulikuwa na basi hadi mji mdogo, halafu gari la wazi, halafu miguu. Lakini kaka yake jirani huyo alikuwa wa upande huo huo, na Ijumaa alikuwa anasafiri kwenda mazishini.

"Andika barua," alisema. "Atapeleka hadi kwa mama mkwe wake."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaandika. Nimeandika mambo mengi tangu siku ile, na hakuna lililonishinda kama hilo. Yeye hakujua kusoma vizuri, jirani alinihakikishia. Barua ingesomwa kwa sauti, pengine na shemeji, pengine na mwalimu wa kanisa, mbele ya mama mkwe. Nikiandika kaswende, ningemwokoa mtoto na kumfukuzisha mama. Nisipoiandika, nani angeinuka wiki za mwisho za mimba atembee hadi zahanati kwa sababu mgeni wa Nairobi ameandika "tafadhali"? Mwishowe niliandika barua mbili. Ya ndani niliiandikia muuguzi yeyote atakayeipokea, nikataja ugonjwa, dawa na kipimo chake, na kwamba mtoto naye adungwe akizaliwa. Nikaifunga kwa gundi na plasta. Ya nje nilimwandikia yeye: kwamba kosa ni letu, kwamba majibu yalichanganyika, kwamba achukue bahasha hii ya ndani bila kuifungua, aipeleke zahanati ya karibu siku hiyo hiyo asingoje uchungu. Nilipiga mstari chini ya maneno "siku hiyo hiyo" mara mbili. Nilimsomea jirani ile ya nje.

"Inatisha," alisema.

"Inatosha kumtoa nyumbani?"

"Inategemea nani ataisoma."

Nilirudi kliniki jioni bila mtu. Sista alikuwa bado ofisini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimeandika kipimo cha dawa sawasawa, nikamtajia, akaitika kwa kichwa. Kisha tukaanza kuorodhesha wale wengine. Katika majuma yaliyofuata wengi wao walirudi, wakaketi, nikamwuliza kila mmoja jina lake, nikangoja alitaje mwenyewe, yote manne kama alikuwa nayo. Plasta niliziandika damu ikiwa imo, mwenyewe akiwa bado amekaa. Msichana wa Jericho naye alikuja, damu yake ilikuwa safi. Aliniletea kibao. Alisema siku ile alikisahau ndani ya mkoba wake, kumi na tano, na kwamba mumewe amekisifia jinsi kilivyopigwa msasa. Nilikitia motoni kama vingine.

Jumapili ya pili baada ya barua kuondoka, nilikwenda Dandora. Jirani alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cheupe cha kichwa. Hakunitania.

"Kaka alifika," alisema. "Barua alimpa mama mkwe, mkononi."

"Naye?"

"Hakuwapo. Alikuwa ameenda kuzalia kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya mto. Kwao mimba zikiharibika hivyo, mwenye mimba inayofuata hupelekwa kuzalia kwingine. Mama mkwe aliiweka barua ndani ya kasha. Alisema atampa akirudi na mtoto."

Nilimwuliza kama kaka yake alieleza kwamba ni ya haraka. Alisema alieleza. Alisema mama mkwe alijibu kwamba habari ya Nairobi haipelekwi kwa anayengoja uchungu, huleta mkosi. Nilimwuliza kwao mama mzazi ni wapi. Hakujua kwa uhakika. Alinitajia vijiji viwili, kila kimoja na shule ya msingi, na shule zilikuwa na masanduku ya posta.

Usiku wa Jumapili hiyo niliandika tena barua zilezile, nakala mbili, na asubuhi nikazipeleka posta kabla ya kufungua kliniki. Juu ya kila moja niliandika jina la kadi, jina la kitambulisho, na jina ambalo soko la Jericho lilimwita nalo, ingawa jina hilo la mwisho lilikuwa la mtoto wa kwanza, ambaye hakuishi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu ajifungue.

Mwisho wa mwezi mumewe hakurudi kwenye kile chumba. Jirani alisema ameunganisha safari kwenda kwao. Nilipokwenda mara nyingine chumba kilikuwa na wapangaji wengine, na kaka yake jirani hakuwa amepita tena upande ule. Barua ya shule ya kwanza ilirudi baada ya miezi miwili, bahasha imekunjika, mgongoni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hapana mtu wa majina hayo. Ya shule ya pili haikurudi.